Seli za fueli kwa umeme na maji moto Dodoma: utando, asidi au kauri?

Jenereta ya dizeli ikinguruma nyuma ya jengo, karibu theluthi mbili ya nishati ya mafuta yake inapotelea hewani kama joto. Upande wa pili wa ukuta huohuo kuna mtu anachochea kuni apate maji ya kufulia mashuka. Mitambo ya kuzalisha umeme na joto kwa pamoja imebuniwa kuziba pengo hilo, na seli za fueli ni mojawapo. Makala haya ni ya msimamizi wa hospitali, shule ya bweni, machinjio, kiwanda cha maziwa au hoteli hapa Dodoma na mikoa jirani, aliyeletewa vipeperushi vya aina tatu mezani na hajui ashike kipi.

Seli ya fueli haichomi kitu. Haidrojeni inaingia upande mmoja na hewa upande wa pili. Katikati kuna elektrolaiti inayopitisha ioni na kuzilazimisha elektroni zizunguke kwa njia ya waya. Unapata umeme wa DC (wa mkondo mmoja, kama wa betri), joto na maji. Kanuni yenyewe ni ya siku nyingi, William Grove alikwishaionyesha mwaka 1839. Kinachotenganisha aina moja na nyingine ni ile elektrolaiti, maana ndiyo inayoamua seli ifanye kazi kwa nyuzi joto ngapi. Ya utando wa plastiki maalumu hufanya kazi kwenye nyuzi 60 hadi 80 za Selsiasi. Ya asidi ya fosforiki, nyuzi 150 hadi 220. Ya kauri, nyuzi 600 hadi 1,000. Ipo pia ya chumvi za kaboneti zilizoyeyuka, karibu nyuzi 650, lakini hiyo huuzwa kwa ukubwa wa mamia ya kilowati kwenda juu, kwa hiyo sitaigusa tena.

Muuzaji atakuanzishia mazungumzo na asilimia ya umeme. Mwache amalize, kisha umuulize maji yake yanatoka yakiwa na nyuzi ngapi.

Vigezo kabla ya mashine

Cha kwanza ni joto, na hapa nitakaa kidogo. Ulaya na Japani mitambo hii ilipata soko kwa sababu nyumba zao zina baridi na zinaoga maji moto mwaka mzima. Dodoma hatupashi nyumba joto. Baridi ya Juni na Julai tunaimaliza kwa sweta na blanketi. Kwa hiyo joto la mtambo lazima litafutiwe kazi, na kila kazi ina nyuzi zake. Maji ya kuoga yanatosha kwenye 40 hadi 45. Mashuka ya hospitali yanataka nyuzi 65 kwa dakika 10, au 71 kwa dakika 3. Maziwa yanataka 63 kwa nusu saa, au 72 kwa sekunde 15. Visu vya machinjioni vinasafishwa kwa maji ya nyuzi 82. Mtambo wa mvuke wa kutakasia vifaa tiba unafanya kazi kwenye 121 au 134. Kuna kazi moja zaidi ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni ubaridi: mashine za kupoza zinazoendeshwa kwa joto badala ya kompresa huanza kufanya kazi vizuri zikipata maji ya nyuzi 80 hadi 95. Kwa mji wenye jua la Oktoba kama letu, hilo si jambo dogo.

Cha pili ni fueli. Gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay ipo, na tangu 2015 bomba kubwa linaifikisha Dar es Salaam kutoka Mtwara, lakini kwako Dodoma huifungulii koki. Unabaki na gesi ya mitungi, bayogesi, au haidrojeni utakayoitengeneza mwenyewe kwa umeme wa jua. Hiyo ya tatu inavutia kwenye karatasi, ila ukigeuza umeme kuwa haidrojeni kisha ukairudisha kuwa umeme, unabaki na theluthi moja hivi ya ulichoanza nacho. Gesi ya mitungi nayo ina harufu iliyotiwa makusudi ili uvujaji utambulike, na harufu hiyo ni salfa. Bayogesi ina salfa nyingi zaidi. Seli zote tatu zinaichukia salfa, kwa hiyo filta yake haiepukiki popote.

Mengine nitayataja kwa kifupi: mtambo unavyovumilia kuzimwa na kuwashwa, ukubwa unaouzwa, na utunzaji wake kwenye maji yetu ya chumvi, vumbi letu na mwinuko wetu. Dodoma iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 12 kuliko ya pwani. Injini isiyo na taabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake hapa. Seli haipotezi kiasi hicho, lakini feni yake ya hewa inafanya kazi ya ziada, na feni iliyopimwa kwa hali ya Osaka au Munich itakuja kulalamika Kizota.

Seli ya utando

*Joto.* Maji hutoka karibu nyuzi 60. Yanatosha kuoga, kuoshea vyombo na kuanzishia kazi nyingine, lakini hayafiki nyuzi 63 za maziwa, achilia mbali 82 za machinjio. Tatu tu zimepungua, na hizo tatu zinakulazimisha kuweka hita pembeni. Kwa wingi wa joto, hata hivyo, inaongoza: karibu nusu ya nishati ya fueli inatoka kama maji moto, umeme ukiwa asilimia 35 hadi 40 inapotumia gesi.

*Fueli.* Inadeka. Kichocheo chake ni platini, na kaboni monoksidi ikizidi sehemu 10 hivi katika milioni, platini hiyo inazibwa. Ndiyo maana mtambo wa gesi huja na rifoma ya kugeuza gesi kuwa haidrojeni, pamoja na hatua mbili tatu za kuisafisha. Kila hatua ni kifaa cha kuangaliwa.

*Kuwasha na kuzima.* Hapa ndiyo bora. Kwa haidrojeni safi inawaka kwa dakika chache, kwa rifoma subiri kama saa moja. Unaweza kuizima usiku na kuiwasha alfajiri.

*Ukubwa.* Kuanzia chini ya kilowati moja. Japani ilianza kuuza mitambo ya nyumbani kwa jina la Ene-Farm mwaka 2009, yenye kama wati 700 kila mmoja, na imekwisha kuingia katika nyumba zaidi ya 300,000. Hakuna aina nyingine yenye uzoefu wa namna hiyo kwenye mitambo midogo.

*Utunzaji.* Utando unataka unyevu na hewa safi. Vumbi la kiangazi linazuilika kwa filta, amonia ni shida kubwa zaidi, kwani inauharibu utando. Ukiweka bomba la kuvutia hewa karibu na zizi au shimo la samadi, unaifupishia seli maisha bila kuona dalili yoyote mpaka umeme uanze kushuka.

*Inamfaa nani.* Mwenye watu wengi wa kuoga na mahitaji yanayopanda na kushuka.

Seli ya asidi ya fosforiki

*Joto.* Ni joto la ngazi mbili, maji ya nyuzi 60 kwa wingi, na sehemu inayoweza kufika karibu 120. Hiyo sehemu ya juu ndiyo inayoipa heshima: inafua, inasafisha visu, na inaendesha mashine ya kupoza. Umeme ni karibu asilimia 40, joto kiasi kama hicho au zaidi kidogo.

*Fueli.* Ina uvumilivu kuliko ya utando. Kwa kuwa inafanya kazi kwenye joto la juu, kaboni monoksidi ya asilimia moja hivi haiitishi, kwa hiyo usafishaji wa gesi ni mfupi. Amonia inaidhuru vilevile.

*Kuwasha na kuzima.* Saa kadhaa. Na kuna jambo ambalo kipeperushi hulificha kwenye ukurasa wa mwisho: asidi yenyewe huganda ikipoa chini ya nyuzi 42 hivi. Mtambo ukizimika, lazima kitu kingine kiendelee kuupasha joto, la sivyo kuganda na kuyeyuka kunaharibu seli. Hata mchana wa Novemba hapa Dodoma haufiki nyuzi hizo.

*Ukubwa.* Hapa wasomaji wengi watatoka kwenye foleni. Mitambo inayouzwa kwa kawaida ni ya kilowati 100 hadi 400 na ushee. Piga hesabu: kilowati 100 kwa asilimia 40 zinataka karibu kilo 20 za gesi ya mitungi kila saa. Kwa siku ni mitungi ya kilo 38 ipatayo kumi na miwili. Huwezi kuendesha hivyo kwa kubadilisha mitungi, unahitaji tangi la kujazwa na lori. Johannesburg waliweka mmoja wa kilowati 100 kwenye jengo la ofisi mwaka 2014, lakini wao wana gesi ya bomba.

*Utunzaji.* Ni ya zamani na inajulikana. Imeuzwa tangu miaka ya 1990, na rundo la seli (seli nyingi zilizopangwa pamoja ndani ya mtambo) la siku hizi hukusudiwa kufika saa 80,000, yaani miaka tisa hivi bila kuzima. Asidi hupungua taratibu, na siku ya kubadilisha rundo ni siku ya winchi na fundi kutoka mbali.

*Inamfaa nani.* Taasisi kubwa yenye mzigo wa umeme usiolala na kazi ya joto la kati.

Seli ya kauri

*Joto.* Ndani ni moto wa tanuri, lakini usidanganyike ukadhani utapata mvuke mwingi. Sehemu kubwa ya joto hilo hurudishwa kupasha hewa na gesi inayoingia. Kinachobaki ni robo hadi theluthi ya nishati ya fueli, kikiwa ni hewa moto inayoweza kukupa maji ya nyuzi 60, 80 au hata mvuke, kulingana na kibadilisha joto ulichoagiza. Joto ni kidogo, lakini ubora wake unauchagua mwenyewe. Sema mapema unataka nyuzi ngapi, maana mitambo midogo ya dukani imepangwa kwa maji ya kuoga.

*Fueli.* Ndiyo yenye tumbo gumu. Kaboni monoksidi kwake ni chakula, methani, gesi kuu ya bayogesi, inaivunja ndani kwa ndani, na haina platini, inatumia nikeli. Hivyo bayogesi inamfaa, mradi salfa imetolewa mpaka ibaki chini ya sehemu moja katika milioni. Chujio la vyuma vyenye kutu halitoshi peke yake, lazima lifuatiwe na mkaa maalumu. Umeme unafika asilimia 50 hadi 60, wa juu kuliko zote.

*Kuwasha na kuzima.* Udhaifu wake uko hapa. Kupasha moto kunachukua nusu siku hadi siku nzima, na kila mara inapopoa na kupashwa tena, kauri na vyuma hutanuka na kunywea kwa viwango tofauti na nyufa huanza. Umeme wa TANESCO ukikatika na mtambo ukajizima nao, hilo ni pigo. Mitambo mingi inayoungwa na gridi hujizima gridi ikilala, kwa usalama wa mafundi wa laini. Kwa hiyo dai kwa maandishi kwamba wako utaendelea kujiendesha wenyewe, hata kama ni kwa mzigo mdogo. Wa utando pia uulizwe hivyo, maana Japani mitambo ya mwanzo ilishindwa kuwaka bila gridi, na ni baada ya tetemeko la 2011 ndipo ya kujitegemea ilipoingia sokoni.

*Ukubwa.* Kuanzia chini ya kilowati moja kwenda juu.

*Utunzaji.* Amonia haiisumbui. Vifaa vinavyozunguka ni vichache, lakini rundo likishapasuka halitengenezeki, linabadilishwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye mzigo mdogo usiobadilika, saa 24.

Maji ya chumvi, kwa zote tatu

Wakazi wa Dodoma wanajua birika linavyoota magamba. Kibadilisha joto ni birika lenye njia za milimita chache, na maji yakizidi nyuzi 60 chokaa inaganda haraka. Usiruhusu maji ya bomba au ya kisima yapite kwenye mtambo wenyewe. Weka mzunguko wa ndani wa maji laini, kisha kibadilisha joto cha pili, cha bei nafuu, kinachofunguka na kuoshwa kwa asidi ya limao. Rifoma nayo inataka maji yasiyo na chumvi kabisa ya kutengenezea mvuke. Mitambo mizuri huyavuna kutoka kwenye moshi wake, ila inaweza tu ikiwa maji yanayorudi kutoka kwenye tangi ni ya baridi vya kutosha. Tangi likiwa limejaa maji moto tangu asubuhi, hakuna kinachopoza moshi, na utaanza kununua maji ya betri.

Kilowati tano na lita 1,000

Tuchukue mitambo miwili ya kilowati 5, wa utando na wa kauri, kwa gesi ya mitungi. Wa utando, kwa umeme asilimia 37 na joto asilimia 50, unakula kilo moja na ushee kwa saa, kwa hiyo mtungi wa kilo 15 unakwenda saa 14. Wa kauri, kwa asilimia 55 na 30, unakula kama kilo 0.7, na mtungi huohuo unakwenda saa 21.

Sasa maji. Kupasha lita 1,000 kutoka nyuzi 22 hadi 60 kunahitaji kilowati-saa 44. Wa utando unazimaliza kwa saa sita na nusu, wa kauri kwa saa 16. Kwa siku nzima, wa kwanza unatoa lita 3,600 hivi, wa pili 1,500.

Hapo uamuzi unageuka kutegemea vitanda. Bweni la wanafunzi 100, kila mmoja akipewa lita 15 za maji moto, linahitaji lita 1,500. Kauri imetosha kabisa, na joto la ziada la utando ungelimwaga bure huku ukinunua mitungi zaidi. Bweni la 240 linageuza hukumu.

Ukitaka bayogesi badala ya mitungi, mtambo wa kauri wa ukubwa huo unahitaji kama mita za ujazo 36 kwa siku, yaani samadi mbichi ya tani moja, na maji ya kuichanganya kiasi hichohicho. Hiyo ni mifugo mia moja ya kienyeji iliyofungwa zizini. Ikichungwa mchana, nusu ya samadi inabaki porini, hivyo zidisha mara mbili. Wa utando ungetaka tani moja na nusu. Kiangazi chetu kina miezi saba: lita 1,000 za maji kila siku kwa ajili ya samadi zipangiwe kabla ya kuchimba shimo.

Kwa hali yako

Kama unachotaka ni maji ya kuoga tu na umeme wa gridi unakutosha, nunua hita za jua za paani na uache makala haya hapa. Jua la Dodoma linafika nyuzi 60 bila mtungi. Na kama unachohitaji ni akiba kwa saa chache za umeme kukatika, jenereta uliyonayo inatosha, fundi wake yuko kila mtaa na vipuri viko dukani. Seli ya fueli inalipa ikifanya kazi saa nyingi, si ikisubiri dharura.

Hospitali ndogo yenye friji za chanjo, taa za wodi na mashine ya kufulia: pima mzigo wa umeme wa saa nane usiku, chukua kauri ya ukubwa huo, maji yatoke kwenye nyuzi 75. Mtambo wa mvuke ubaki kwenye umeme, ukilishwa maji yaliyokwisha kupashwa. Hospitali kubwa au jengo la ofisi huko Mtumba lenye mzigo wa kilowati 100 usiku na mchana, na nafasi ya tangi la gesi, lina sababu ya kuitazama asidi ya fosforiki pamoja na mashine ya kupoza kwa joto. Bila hiyo mashine, nusu ya faida inapotea.

Shule ya bweni ambayo tayari imehamia kwenye gesi baada ya katazo la kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ina uwanja wa mitungi na mtu wa kuutunza, hatua ambayo wengine hawajaifika. Hakuna seli itakayosonga ugali wa watu 400, moto wa jiko unabaki palepale. Kwa kuoga na umeme wa madarasa, utando unafuata ratiba ya shule vizuri, na unaweza kuuzima likizo.

Machinjio na kiwanda cha maziwa, kuanzia Kizota hadi Kongwa na Mpwapwa: kauri kwa bayogesi, ikiwa kazi ni ya kila siku na kuna mtu mmoja aliyepewa jukumu la kubadilisha mkaa wa filta kwa tarehe, si kwa harufu. Utando unaweza kupasha maji ya awali, lakini uweke hita ya kumalizia, na bomba la hewa lipelekwe upande ambao upepo hautoki zizini.

Kiwanda cha mvinyo upande wa Hombolo ni kisa tofauti. Zabibu zetu huvunwa misimu miwili kwa mwaka, na katikati mashine nyingi zinalala. Kauri hapo itachoka kwa kuzimwa, asidi itakula umeme wa kujipasha bila kazi. Utando ndio unaoweza kulala kati ya msimu na msimu, ukiachwa na unyevu wake na milango imefungwa kwa vumbi, kisha ukaamka kuoshea chupa kwa maji ya nyuzi 60.